Asipokula, Asichome

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimeliokota kwenye pipa la taka la chumba namba sita, kliniki ya sukari. Jalada gumu, karatasi nzuri, kurasa nne tu zimeandikwa, tena kwa mwandiko wa daktari usiosomeka. Nimezichana. Wifi kaniuliza nitaandika nini, mtu ninayefika nyumbani hata kuvua viatu siwezi. Nikamwambia nitaandika kwamba nimechoka. Akasema basi litajaa kabla mwezi haujaisha.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Yeye ni msusi. Mimi nafagia na kupiga deki hospitalini, mwaka wa tisa sasa. Tunakaa vyumba viwili, na mdomo wake unajaza kimoja peke yake.

Mvua imeanza leo mchana.

Jumanne, 4 Machi

Matope ya viatu vya watu. Nimepiga deki ukumbi mara tano.

Alhamisi, 6 Machi

Sista aliyekuwa akitafsiri kliniki amehamishiwa wodi ya wazazi, na daktari mpya hajui lugha yetu hata ya kuombea maji. Pale kila kitu, kuanzia kibao cha mlangoni mpaka karatasi ya dawa, ni kwa lugha ya ofisi. Wagonjwa wanaongea ya nyumbani. Hapo katikati hakuna mtu.

Leo hapo katikati nimewekwa mimi. Daktari alifungua mlango, akanikuta nimeinamia ndoo, akauliza kama kuna yeyote anayemwelewa. Nikajibu kabla sijafikiri. Lugha ile niliipata jikoni: miaka kumi na moja niliwapikia watu walioizungumza, nikajua majina ya sufuria zote na matusi machache. Akaniita ndani na ufagio wangu mkononi.

Wagonjwa kumi na wanne. Palipotajwa kongosho nilikwama, sikujua ni kitu gani kwa lugha yoyote. Daktari akajigusa tumboni. Nikamwambia mzee wa watu: "Kuna kinyama nyuma ya tumbo lako kimechoka kufanya kazi." Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema hicho kinyama anakielewa sana, maana naye yuko hivyo hivyo.

Nilipotoka pale mgongo ulikuwa umenyooka kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Msimamizi wa usafi kaniuliza nalipwa kufagia au kuongea. Nikasema kufagia. Akasema basi aone sakafu.

Jumatano, 12 Machi

Wa kwanza leo alikuwa Mzee wa Vigae, mwenye duka kubwa la vigae na masinki. Hapangi foleni, hupiga simu kabla. Ana kidude kimebandikwa mkononi kinachosoma sukari yake na kuituma kwenye simu. Hachomi kidole hata siku moja. Lugha ya ofisi anaijua kuliko daktari mwenyewe. Walikaa dakika arobaini wakizungumzia samaki gani wa kula na viatu gani vya kutembelea, nikawasikia wanacheka. Dakika arobaini zilizofuata tuliona watu tisa.

Wa saba alikuwa dada wa mtaani kwetu, safu ya nyuma ya nyumba yetu. Tunamwita Mama Pasi. Anapiga pasi nguo za watu, pasi ya mkaa, na kola akiinyoosha yeye utadhani shati limetoka dukani. Mumewe ni mlinzi wa usiku. Watoto wao wameolewa mbali. Vidonge vimemshinda, nyayo zinawaka moto, macho yanafanya ukungu. Daktari akasema anamwanzishia insulini, na kwamba upo mpango wa kuipata bure, ila nafasi ni chache. Mama Pasi aliposikia bure alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Daktari akaeleza. Asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula. Achome tumboni au pajani. Dawa aiweke mahali pa baridi. Mwisho akasema maneno mawili ya haraka, huku mkono wake umeshavuta faili la mtu mwingine: asipokula, asichome.

Naandika hapa kama ilivyokuwa. Mlango ulikuwa wazi, na benchi la foleni linaanzia kizingitini. Watu wanane, nusu yao majirani. Kwa lugha ya daktari maneno yale ni mepesi, kama kumwambia mtu mvua ikinyesha achukue mwavuli. Kwa lugha yetu yangetoka hivi: dada, siku ambayo kwako hakuna chakula. Naye amevaa gauni lake la heshima, limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Ningemvua nguo mbele za watu. Tena msimamizi kasimama kule mwisho wa ukumbi ananionyesha ndoo kwa kidole. Nikasema: "Asubuhi na jioni, dada. Usikose hata mara moja."

"Sikosi," akasema.

Nilipotoka, Mzee wa Vigae alikuwa bado kwenye dirisha la dawa, hatua tatu toka mlangoni, anangoja dawa zake. Akaniambia taratibu, bila kunitazama: "Mama, kuna neno umeliacha."

"Lipi?"

"Unalijua."

Nikachukua ndoo yangu. Mtu aliyekaa dakika arobaini akizungumzia samaki anataka kunifundisha kuongea na watu wangu. Mpaka sasa ninapoandika bado nimekasirika.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Sare yangu ya kazi haijakauka tangu Alhamisi. Kesho nitaivaa mbichi.

Jumatano, 19 Machi

Wagonjwa kumi na saba. Wifi anasema nimeanza kuongea naye kama daktari: namuuliza kitu, simngoji ajibu, nauliza tena kwa sauti kubwa.

Jumamosi, 22 Machi

Nilimpelekea Mama Pasi gauni la Wifi la kwendea msibani. Meza yake ya kupigia pasi ilikuwa tupu. Kamba zote za mtaa zimejaa nguo zilizoloa, na nguo isiyokauka haipelekwi kwa mtu wa pasi. Jiko lilikuwa baridi, majivu yake ya zamani. Amepungua. Shingo imekuwa ya msichana.

Alinionyesha karatasi aliyoibandika ukutani. Kila akichoma sindano anachora mstari, wa asubuhi na wa jioni. Hakuna ulioruka.

"Kama ulivyoniambia, mdogo wangu."

Akauliza nitakunywa chai. Nikasema nimeshakunywa. Ulikuwa uongo, naye alijua, maana aliacha kuinuka mara moja, akashukuru kwa macho.

Neno lilikuwa mdomoni. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, hakuna benchi, hakuna foleni. Lakini kulitamka sasa ilikuwa ni kukiri kwamba siku kumi zilizopita sikulitamka. Nikasema jua likitoka nguo zitakuja nyingi. Akasema ndiyo, zitakuja.

Jumanne, 25 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Bati letu linavuja mahali papya, juu ya kitanda cha Wifi. Anasema hata mvua inajua nani anaongea sana.

Alhamisi, 27 Machi

Saa mbili asubuhi walimleta Mama Pasi. Mumewe alitoka lindoni akamkuta sakafuni kando ya meza, ameloa jasho, baridi kama chupa, meno yameumana. Akamleta kwa mkokoteni wa muuza magodoro, amefunikwa nailoni ya godoro asilowe. Nilikuwa napiga deki mlango wa dharura. Nilimjua kwa gauni.

Sukari yake ilikuwa imeshuka mpaka moja nukta tatu. Daktari alikimbia, sikujua kama anajua kukimbia. Akatafuta mshipa, akaminya glukosi, akawa anamwita kwa lugha yake nami namwita kwa yetu, dada, dada, dada. Alipofumbua macho, macho yenyewe hayakutushika. Mkono wa kulia ulilala pembeni kama si wake.

Daktari akaniambia nimuulize mume alikula nini.

"Shemeji, dada amekula lini mara ya mwisho?"

Akatazama kofia yake ya ulinzi, ameishika kwa mikono miwili. "Juzi jioni. Chai na mkate. Kipande kikubwa alinipa mimi. Alisema mimi nina kukesha."

"Na sindano?"

"Sindano hakosi. Amechoma jana asubuhi, jana jioni. Leo nimeikuta mezani ametoka kuchoma."

Nikatafsiri yote. Daktari akakunja uso. Nilimwona alivyo, kijana wa watu, macho mekundu, yuko zamu tangu jana. Akasema: "Muulize kama mke wake alielewa maelezo niliyompa."

Nikauliza. Mume akajibu, kwa fahari hasa, kwamba alielewa yote, alirudi nyumbani akamsimulia neno kwa neno.

Nikamwambia daktari: "Anasema alielewa yote."

Hapo hakuna neno la uongo. Daktari akavuta faili, akaandika mstari mmoja. Niliusoma kichwa chini miguu juu, nimezoea kusoma makaratasi ya watu nikiwa nafuta meza: mgonjwa hafuati maagizo.

Nikarudi mlango wa dharura. Magurudumu ya mkokoteni yalikuwa yameingiza tope mpaka ndani. Nilisugua pale mahali pamoja mpaka msimamizi akapita akasema inatosha.

Ijumaa, 28 Machi

Sikwenda wodini kumwona. Nilipita kwa ngazi za nyuma.

Jumamosi, 29 Machi

Hata leo.

Jumatatu, 31 Machi

Mama Pasi ameruhusiwa. Sista mkuu alikuwa anapanga mafaili ya mpango wa insulini ya bure, mimi nafuta rafu. Tarehe kumi na tano kamati inakaa. Wanaoonekana hawafuati maagizo wanaondolewa, wanaingizwa waliomo kwenye orodha ya kungoja. Faili la Mama Pasi lilikuwa kwenye rundo la kuondolewa.

"Na akiondolewa?" nikauliza.

"Atanunua mwenyewe."

Sista si mtu mbaya. Alisema vile kwa sababu orodha ya kungoja ina watu sitini, na yeye ndiye anayewatazama usoni kila mwezi. Lakini atanunua na nini? Mtu aliyekosa mkate.

Jumatano, 2 Aprili

Mzee wa Vigae amekuja bila miadi, akanifuata kwenye chumba cha mafagio. Nilidhani amekuja kunisuta. Akasimama mlangoni, shati lake limekunjamana kidogo mgongoni.

"Yule mama aliyezidiwa," akasema, "ndiye anayenipigia pasi mashati. Nimejua jana. Mke wangu ndiye anayeshughulika na nguo, mimi huvaa tu. Mvua ilipoanza, tukayapeleka kwa dobi wa mashine."

Nikaendelea kukamua deki.

"Nilisikia siku ile, mama. Lugha zote mbili nazijua. Ningeweza kusimama nikamwambia mwenyewe, hatua tatu tu. Nilikuambia wewe, nikaona nimemaliza kazi yangu, nikaenda kula."

Wiki tatu nilikuwa nimemwekea huyu mzee maneno makali, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Nikamwambia: "Mimi na wewe tulilijua lile neno. Aliyeandikwa kwenye faili ni yeye."

Akasema ataongea na mke wake mashati yarudi. Nikasema ni vizuri. Sikumwambia kwamba mkono wa kulia wa Mama Pasi haushiki pasi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mgongo. Kichwa. Wagonjwa kumi na tisa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwambia Wifi. Alikuwa ananisuka. Nilianza katikati ya kichwa nikamaliza sikioni, na muda wote huo hakutia neno, jambo ambalo tangu niolewe kwao sijaliona. Mikono yake tu iliongeza kukaza.

"Ulimstahi," akasema mwishowe.

"Nilimstahi."

"Na Jumamosi ile ulipompelekea gauni langu?"

 Pale nilijistahi mwenyewe.

Wifi akafunga uzi. "Ukisema watakufukuza. Kodi ya nyumba nasukia vichwa vingapi peke yangu, unajua. Mimi sikushauri kitu." Akaenda jikoni. Baada ya kitambo akasema kutoka kule: "Kamati inakaa lini?"

"Tarehe kumi na tano."

"Basi usingoje kumi na nne."

Jumanne, 8 Aprili

Nilingoja mgonjwa wa mwisho atoke. Nikaacha ndoo nje, nikaingia. Daktari alidhani nimekuja kumwaga pipa, akanyanyua miguu.

"Yule mama wa sindano," nikasema. "Wewe hukukosea, na yeye hakukosea. Ulisema asipokula asichome. Mimi sikumwambia."

Akanitazama. "Ulisahau?"

Alinipa njia ya kutokea mwenyewe, wala hakujua. Ningeitikia tu. Nikasema sikusahau.

Lugha ya jikoni haikunitosha pale. Nilitafuta maneno, nikachanganya, nikaanza upya. Nikamwambia kwa lugha yake hilo ni neno la dawa. Kwa lugha yetu ni kumwambia mtu, mbele ya majirani zake, kwamba nyumbani kwake kunaweza kukosekana chakula. Nikamwambia nilidhani ninamwokoa na aibu.

"Angekufa," akasema.

"Najua."

"Siku ile ulisimama hapa ukaniambia alielewa yote."

"Nilikwambia alichosema mumewe."

Alikasirika. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Akasema ningesema siku ile ile, kabla hajaandika, kwa sababu sasa yeye ndiye aliyemwandikia mgonjwa uongo. Nikakubali yote. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hasira yake niliiona kama mahali pa kupumzikia.

Kisha akakaa, akavuta faili. Akakata ule mstari, akaandika nusu ukurasa. Akanisomea polepole: mgonjwa alifuata maagizo yote aliyopewa, sehemu ya maagizo haikumfikia, wala sisi hatukumuuliza kama anapata chakula. Hilo la mwisho aliliongeza mwenyewe. Akasema lazima nitie sahihi, na lazima karatasi ifike utawala.

Nikatia sahihi. Mkono ulikuwa na sabuni, herufi ya kwanza ikachirizika.

Jumatano, 9 Aprili

Wagonjwa wawili walikaa na daktari bila mtafsiri. Nilikuwa nje nimeambiwa nisiingie.

Jumatano, 16 Aprili

Kamati imemwacha Mama Pasi kwenye mpango. Sista mkuu aliniambia huku anapita, hakusimama.

Na mimi nimepata barua. Onyo la maandishi, na kuanzia kesho nahamishiwa dobi, kule chini ya jengo, kufua mashuka. Kliniki nisiguse. Msimamizi alinipa barua bila kunikejeli, nikashangaa. Akasema tu kwamba kule chini viatu vinaloa, nitafute vya mpira.

Wifi kaisoma barua mara mbili. "Hawajakufukuza," akasema. "Wamekutumbukiza."

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Pasi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na kama kawaida yalinitoka kwa mpangilio wake yenyewe. Nilimwambia yote, pamoja na ile siku ya gauni.

Alisikiliza, mkono wa kulia umelala mapajani, wa kushoto ukiusugua. Ulimi wake umerudi, ila mwisho wa sentensi bado unakokota.

"Kwa hiyo lilikuwa neno moja," akasema.

"Moja, dada."

"Ungelisema, ungeniuliza kama nakula?"

"Pengine."

"Ningekudanganya." Alisema hivyo bila hasira yoyote, kama anayeniambia njia ya kwenda sokoni. "Pale mbele za watu ningesema nakula mara tatu, na matunda. Kisha ningerudi hapa nikachoma vile vile, nisije nikaonekana mwongo."

Sikujua kama ananipunguzia mzigo au ananiongezea. Nikaanza kusema samahani. Akaninyamazisha kwa mkono wa kushoto.

"Usiniombe samahani, itanibidi nikujibu, na mimi sijawa tayari kukujibu. Kuna mashati kumi na mawili pale yametoka kwa mke wa yule mwenye vigae. Mkono huu hauwezi kola. Washa mkaa."

Nikawasha. Nilipiga pasi mashati yote kumi na mawili, yeye amekaa kitini ananiambia nilipokosea, na nilikosea kila mahali. Kola haianzwi katikati. Kola huanzwa pembeni kuja katikati. Miaka yote hii sikujua.

Jumamosi, 26 Aprili

Mashati tisa na suruali nne. Amesema kola mbili zinafaa. Bado hajanijibu.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua zimeanza kuachia nafasi. Huku chini hatujui. Dirisha letu liko usawa wa miguu ya watu. Tunajua tu viatu vimekauka.

Jumanne, 6 Mei

Saa ya chakula cha mchana daktari ameshuka dobi. Wenzangu wote wakasimama. Akasema wakae, kwa lugha yetu, kwa lafudhi ya ajabu, wakakaa kwa mshangao.

Amepewa mtafsiri siku mbili kwa wiki. Siku tatu hana. Anataka nimfundishe kuuliza kama mtu anapata chakula. Sentensi moja tu. Alikuwa na kalamu.

Nikamwambia hiyo sentensi haipo. Ipo, lakini ukiiuliza utadanganywa. Nilikuwa na mashuka mkononi, nikafikiri huku nakunja. Mtu haoni aibu ya mvua, nikamwambia. Haoni hata aibu ya kazi kuwa mbaya, kwa sababu kazi ni mbaya kwa wote. Uliza hilo. Muulize: mvua hizi, kazi inakwendaje? Kisha nyamaza. Ya chakula yatakuja yenyewe nyuma yake.

Akaandika kama anavyosikia. Akasema vibaya. Nikamrudisha. Akasema tena, mzee wetu wa mashine ya kukaushia akacheka mpaka akakohoa. Mara ya sita ikatoka. Akaenda zake ukumbini anajisemea peke yake, mvua hizi, mvua hizi.

Namuonea huruma. Miezi miwili iliyopita nisingeandika hivyo.

Alhamisi, 8 Mei

Saa nne asubuhi daktari ameshuka tena, safari hii anahema.

"Nimeuliza," akasema. "Mgonjwa mmoja, mpaka rangi. Nimeuliza vizuri, kama ulivyonifundisha. Amejibu. Bado anajibu. Sielewi hata neno."

Mtafsiri si siku yake. Nilimkumbusha barua yangu. Akasema anaijua, alipewa nakala. Nikatazama mashuka yaliyokuwa kwenye maji, nikatazama wenzangu. Mzee wa mashine ya kukaushia akageuka akatazama ukutani, maana yake hakuona mtu akitoka.

Tukapanda ngazi za mbele. Msimamizi alikuwa ukumbini. Alituona wote wawili, na viatu vyangu vya mpira vinaacha maji kwenye sakafu ambayo mtu mwingine ameipiga deki.  Labda ataandika.

Mpaka rangi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mtu mzima wa umri wangu, kucha zina rangi nyeupe. Daktari alikuwa ameufunga mlango. Nikamwamkia, nikamwambia aanze upya, taratibu, nitayapeleka yote.

Akasema ukuta haukauki kwenye mvua, kwa hiyo hakuna anayepaka. Akasema siku ya kwanza alikula alichobakiza mkewe, siku ya pili wakasema watoto kwanza. Akasema sindano amechoma zote, kwa sababu dawa ya bure mtu haiachi. Jana aliona giza juu ya ngazi, akashuka, akakaa chini, akadhani ni rangi inamlevya. Akasema haya hajamwambia mtu, ameyasema leo kwa kuwa huyu daktari kamuuliza habari za mvua kama jirani.

Nikatafsiri. Sikuwahi kutafsiri kitu kirefu hivyo. Palipokuwa na aibu niliipeleka na aibu yake, sikuikunja. Daktari aliandika, akafuta dozi ya zamani, akaandika nyingine, akaniambia nimweleze, na mwisho akasema yale maneno mawili.

Nikamgeukia mpaka rangi. "Kaka," nikasema, "siku ambayo nyumbani hakuna chakula, usichome. Njoo hapa. Hata kama ni kila siku, njoo."

Akainamisha kichwa.  Kisha akauliza: "Na nikija, mtanipa nini?"

Nikalitafsiri na hilo.   Daktari akanyanyuka, akaenda mwenyewe kumwita Sista mkuu, wakawa wanaulizana mlangoni chakula cha wodi kinabaki saa ngapi.

Nikarudi chini. Mashuka yalikuwa bado kwenye maji.